Kuanza kufungua makufuli bila ufunguo: mkono wa kukazia ndio wa kufundishwa

Kufuli la pini hufunguka bila ufunguo kwa sababu moja tu: hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu yote yakakaa kwenye mstari ulionyooka kabisa. Ndani ya mwili wa kufuli kuna kiini cha mviringo, kile kinachozunguka ufunguo unapogeuzwa. Matundu hutoka mwilini na kuingia kwenye kiini, na ndani ya kila tundu kuna springi, kisha pini ya juu, kisha pini ya chini inayokaa juu ya ufunguo. Ufunguo sahihi huinua kila jozi mpaka mahali pini hizo mbili zinapokutana pawe sawasawa na ukingo wa kiini. Hapo hakuna pini inayovuka mpaka, na kiini kinazunguka.

Sasa kigeuze kiini kwa nguvu kidogo bila ufunguo. Pini za juu zinazovuka mpaka zitakizuia, lakini si zote kwa wakati mmoja. Kwa kuwa matundu yamepishana kwa sehemu ndogo sana ya milimita, pini moja hubanwa kabla ya nyingine. Ukiiinua hiyo hadi mpakani, kiini kinasogea kidogo sana, pini ya juu inabaki juu ya ukingo haiwezi kurudi, na pini nyingine inachukua zamu ya kubanwa. Kazi yote ni kutafuta iliyobanwa, kuiinua, na kutafuta inayofuata. Muundo huu wenye ufunguo bapa ulipewa hataza Marekani miaka ya 1860 kwa jina la Linus Yale mdogo, na makufuli mengi yanayouzwa leo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo au River Road bado yanaufuata.

Wanaoanza wengi humaliza pesa kwenye zana. Wananunua pochi yenye vyuma ishirini na kitu, na kufuli moja. Ninavyoona mimi, ni kinyume: vyuma vitatu vinatosha kwa miezi mingi, na pesa iliyobaki iende kwenye makufuli na silinda (ile sehemu ya kitasa inayopokea ufunguo) za kufungua na kupanga upya. Unachohitaji ni ndoano fupi moja ya kuinulia pini na vyuma viwili vya kukazia, yaani vya kugeuzia kiini kwa nguvu kidogo, vyenye unene tofauti. Vile vyuma vyenye mawimbi vya kuchokoa haraka, unavyoviingiza na kuvitoa kama unapiga mswaki, hufungua kufuli la bei rahisi kwa sekunde chache, na ndiyo sababu mwanafunzi aviweke kando. Kufuli limefunguka, wewe hujui pini gani ilikaa lini. Kesho likikataa huna pa kuanzia.

Kabla ya chuma chochote kuingia kwenye tundu, wapenzi wa mchezo huu wa kufungua makufuli duniani kote wana sheria mbili, na hazina mjadala. Usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya wazi ya mwenyewe. Na usifungue kufuli linalotumika, hata kama ni lako. Ya pili hudharauliwa sana. Ncha ya ndoano inaweza kuvunjika ndani ya tundu, springi dhaifu inaweza kujikunja, na kitasa cha mlango wa mbele kikigoma saa nne usiku utamwita fundi na kulipia silinda mpya. Chama cha SSDeV kilichoanzishwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1997, na TOOOL cha Uholanzi, vimeujenga mchezo huu hadharani kwa msingi wa nidhamu hiyo: mashindano, makufuli yaliyofungwa kwenye jiliwa mezani, watu wanaofahamiana. Kwetu kuna jambo la ziada. Sheria za adhabu za Kenya na Tanzania zinamgusa mtu anayekutwa nje ya kwake, hasa usiku, akiwa na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali, na polisi wa doria hatasimama kusikiliza maelezo kuhusu mchezo. Zana zikae nyumbani. Ukienda kwa mwenzako kufanya mazoezi, nenda mchana, beba na makufuli yako pamoja na funguo zake.

Tuje kwenye vyuma. Vya kukazia unaweza kuvitengeneza leo. Mpira wa waipa ya gari hushikwa na vipande viwili virefu vya chuma cha pua, na gereji yoyote ina waipa zilizochakaa za kutupa. Kata kipande cha sentimita 8 hivi. Upande mmoja, acha milimita 4 au 5, kisha kunja kwa plaizi mpaka upate pembe ya digrii 90. Kunja taratibu, chuma kikiwa baridi, na usitafute kona kali sana kwa sababu ndiko kinakopasukia. Usikichome moto. Kisha sugua mguu huo mfupi kwa tupa mpaka uingie kwenye mdomo wa tundu la ufunguo ukiwa umebana, bila kuchezacheza. Chuma cha kukazia kinachochezacheza kinameza taarifa zote ambazo kidole kingezipata.

Kuna namna mbili za kukiweka, na tofauti yake ni kubwa. Shika kufuli ili pini ziwe upande wa juu wa tundu. Ukikiweka chini, mbali na pini, kinakaa kwa urahisi lakini kinakula nafasi ambayo ndoano inaihitaji. Ukikiweka juu, mdomoni, kabla tu ya pini ya kwanza, tundu lote linabaki wazi. Kwa kufuli dogo lenye tundu jembamba, weka juu. Hakikisha tu mguu ni mfupi kiasi cha kutogusa pini ya kwanza; ukiigusa, pini hiyo itakuwa imeinuliwa muda wote na kufuli halitafunguka hata ukae nalo mpaka alfajiri.

Ndoano ni kazi zaidi, na kama unaweza kuagiza iliyotengenezwa vizuri, agiza. Kama huwezi, blade ya msumeno wa chuma inafaa. Ile ya kawaida ya milimita 300 ina unene wa takriban milimita 0.65, ambao unaingia kwenye tundu la wastani. Chagua inayonyumbulika, ile ngumu kabisa inakatika kama kioo. Ondoa meno kwa grainda, chora umbo kwa kalamu ya wino usiofutika, shingo iwe na upana wa milimita 2.5 hivi na ncha ipande milimita 2 juu ya shingo. Chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya bluu, ugumu wake umeondoka pale na kitapinda. Kata sehemu hiyo, anza tena. Mwisho kabisa kuna hatua ambayo watu huiruka: msasa. Anza na namba 400, endelea 600, malizia 1000, hasa kwenye ncha na mgongo wa shingo. Chuma chenye makovu kinakwaruza shaba ndani ya tundu, na mikwaruzo hiyo inasikika mkononi kana kwamba ni pini zinazojibu.

Kufuli la kwanza liwe la shaba, la bei nafuu, la milimita 38 hadi 50. Makufuli madogo sana ya begi hayafundishi kitu kwa sababu chuma hakina pa kugeukia, na mengine hayana pini kabisa. Yale ya plastiki angavu yanayouzwa ili uone pini zikipanda yana thamani ya dakika kumi, kuelewa tu kinachotokea; baada ya hapo yanakuzoesha kutumia macho, na ndani ya kufuli halisi macho hayafiki. Ukinunua la shaba, litazame ubavuni kwenye mwanga wa pembeni. Mara nyingi utaona duara hafifu zimejipanga kwenye mstari mmoja: ni matundu ya pini yaliyotobolewa kutoka nje, yakajazwa, kisha yakazibwa na kusuguliwa. Zihesabu. Nne au tano ndiyo idadi ya kawaida, na umeshajua unatafuta pini ngapi kabla hujaingiza chochote.

Tazama na ufunguo wake. Mabonde yake ni ramani. Bonde refu linamaanisha pini ya chini iliyo ndefu, inayohitaji kuinuliwa kidogo tu. Kilima kinamaanisha pini fupi inayopaswa kupandishwa sana. Kufuli ambalo ufunguo wake una kilima kirefu nyuma ya bonde refu ni gumu kwa anayeanza, kwa sababu unapoinua ile ya nyuma, shingo ya ndoano inaisukuma ya mbele kupita kiasi. Dukani omba uone funguo kadhaa, uchague ule wenye mabonde yanayokaribiana. Muuzaji atashangaa, lakini atakupa.

Mazoezi yanaanza bila kukaza kabisa. Ingiza ndoano mpaka mwisho, kisha irudishe polepole ukiinua kila pini. Utasikia springi tu: inapanda laini, inashuka laini. Fanya hivyo mpaka uweze kusema hii ni ya nne, hii ni ya tatu, ukiwa umefumba macho. Anayeruka hatua hii hujikuta anasukuma pini ya pili mara mbili akidhani ya pili na ya tatu.

Kisha weka chuma cha kukazia na ukilalie kwa ncha ya kidole cha shahada, karibu na mwisho wake. Tazama ukucha wako. Nyama ya chini ya ukucha ikibadilika kuwa nyeupe, umezidisha, punguza. Karibu kila anayeanza hukaza mara mbili tatu ya inavyotakiwa, kwa sababu mwili unadhani kufungua ni kugeuza kwa nguvu. Kidole kiwe kimelala, hakisukumi. Gusa pini moja moja tena. Sasa moja itakuwa tofauti: haichezi kwa springi, imesimama imara. Hiyo ndiyo iliyobanwa. Ongeza msukumo wa ndoano kidogo kidogo, mkono wa ndoano ukiwa umeegemea mwili wa kufuli kama unavyoegemea karatasi ukiandika. Utapata mlio mdogo, au mshtuko mwepesi kwenye kidole cha kukazia. Acha hapo hapo. Usiongeze hata kidogo kwa kuhakikisha. Rudi kwenye zilizobaki, tafuta nyingine iliyogeuka imara.

Inapokwama, kufuli linakuwa limekwambia sababu. Kama kila pini ni imara, umekaza mno: zote zimebanwa kwa nguvu na huwezi kujua ya kwanza. Kama hakuna hata moja iliyo imara, ama umekaza kidogo mno, ama chuma chako cha kukazia kinagusa mwili wa kufuli na sio kiini, kwa hiyo nguvu yote inaishia pembeni. Kitoe, kitazame kilipokaa. Kama pini moja imekaa kimya, haina springi wala haisogei, na zingine zote zimelegea lakini kufuli halifunguki, hiyo umeipandisha kupita kiasi. Pini ya chini nayo imevuka mpaka na sasa ndiyo inayofunga. Haishuki kwa kuchokolewa. Legeza kidole cha kukazia polepole sana na usikilize: pini zilizokaa zitaanguka moja moja, kila moja na mlio wake. Hesabu milio. Ukisikia mitatu kwenye kufuli la pini nne, ulikuwa karibu kuliko ulivyodhani. Na usisahau kujaribu upande wa pili wa kugeuza, maana baadhi ya makufuli hufunguka upande mmoja tu.

Kufuli la kwanza likishafunguka, lifungue tena na tena, lakini usijidanganye. Baada ya muda mkono umekariri kufuli hilo, haujajifunza makufuli. Hapo ndipo inapofaa kununua silinda ya mlango wa aluminiamu, ile ndefu yenye umbo la Kiulaya (Euro), kwa sababu inaweza kufunguliwa na kupangwa upya. Hiki ndicho kifaa cha mafunzo chenye faida kuliko vyote, na fundi yeyote wa milango anacho.

Kuivua si vigumu ila inataka utulivu. Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia, kwa sababu springi zikiruka hazionekani tena. Ingiza ufunguo, uugeuze kiasi cha robo ya njia ili matundu ya kiini yasilingane na ya mwili. Mwishoni mwa kiini, katikati ya silinda, kuna klipu ndogo ya chuma yenye umbo la herufi C. Ing'oe kwa bisibisi ndogo huku ukiifunika kwa kidole gumba. Chukua kijiti cha mviringo chenye kipenyo sawa na cha kiini, mara nyingi karibu milimita 13, lakini pima kwa kalipa. Kikiwa chembamba kidogo, kizungushie selotepu. Sukuma kiini kitoke mbele kwa kijiti hicho bila kuacha mwanya kati yao. Mwanya wa milimita moja unatosha kuruhusu pini ya juu na springi kuruka nje. Kiini kikitoka, pini za chini zinabaki ndani yake: zimwage kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya mwisho, kila moja mahali pake. Kisha geuza silinda matundu yatazame chini, kwenye kitambaa, vuta kijiti kidogo kidogo, pini za juu na springi zitatoka jozi moja moja.

Sasa irudishe na pini ya kwanza peke yake. Springi, pini ya juu, pini ya chini ile ile ya tundu hilo; matundu mengine yaache matupu. Ufunguo bado utafungua, na huo ndio uthibitisho kwamba umepanga vizuri. Kazi yako ni kuhisi jinsi pini moja inavyokaa: laini, imara, mlio, kimya. Pini moja ikipandishwa kupita kiasi inahisije? Ipandishe kwa makusudi, uzoee. Ongeza ya pili, kisha ya tatu. Ukifika ya nne umejifunza mambo ambayo kufuli zima lisingekuonyesha, kwa sababu kila hali unaijua chanzo chake. Tahadhari moja: kiini kikifunguka bila ufunguo ndani, usikizungushe nusu duara nzima na kukiacha hapo. Kwenye silinda nyingi pini za juu zitasukumwa na springi ziingie kwenye upenyo wa chini wa tundu la ufunguo, na kiini kinakwama. Ikitokea, zisukume zirudi kwa chuma bapa kilichojaza urefu wote wa tundu huku ukigeuza.

Ngazi inayofuata ni pini za spuli, nazo ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Pini ya juu imeliwa katikati, ikabaki na kiuno na vichwa viwili. Unakaza, unainua, na ghafla kiini kinageuka digrii kadhaa kama kinataka kufunguka, kisha kinagoma. Ukingo wa kiini umeingia kwenye kiuno cha pini. Anayeanza hukaza zaidi, na huko ndiko kujifungia kabisa. Badala yake, gusa kila pini kwa upole sana ukisikiliza kidole cha kukazia, sio ndoano. Pini moja, ukiisukuma, itafanya chuma cha kukazia kirudi nyuma dhidi ya kidole chako. Umeipata. Endelea kuiinua na ukiruhusu kiini kirudi, kwa kulegeza kidole kiasi kile kile kinachodai, si zaidi. Kichwa cha chini cha pini kitapita ukingo, kiini kitasonga mbele tena. Mara nyingi pini nyingine moja au mbili zitaanguka wakati huo. Ni kawaida, zirudie. Hapa chuma cha kukazia kinachowekwa juu, kinene na kisichonyumbulika, kinalipa gharama yake yote, kwa kuwa kile kinachonyumbulika kinameza kule kurudi nyuma kabla hakujafika kidoleni.

Master Lock 140 ni kufuli la shaba la milimita 40 lenye pini nne, linalojulikana sana kwa kuwafundisha watu spuli. Likishakuwa rahisi, American Lock 1100 ni hatua ndefu: pini tano, na pini za chini zimechongwa mistari, kwa hiyo kila pini inalia mara kadhaa na mlio mmoja tu ndio wa kweli. Chochote utakachotumia, usitie mafuta ya kupikia wala grisi. Vumbi linaganda humo na pini hazishuki. Unga wa grafiti kidogo unatosha, na upulize mabaki ya shaba kila mara.

Mwisho kuna vitasa vya milango ya mbao vya kwetu, vile vya ufunguo mrefu wenye bendera, kama Union vilivyojaa kwenye milango ya vyumba kote Afrika Mashariki. Havina pini. Ndani kuna vibao vya shaba, na ufunguo lazima uviinue vyote kwa kimo chake ndipo ulimi wa kitasa upite. Kanuni ya kubanwa ni ile ile. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliitumia kufungua kitasa cha Chubb kwa dakika 25, kitasa kilichokuwa na kibao maalumu cha kunasa mtu anayechokoa. Kile cha Bramah, kilichokaa na zawadi ya gini 200 kwa atakayekiweza, kilimchukua takriban saa 51 zilizotawanyika kwa siku 16. Anza na kitasa cha vibao viwili. Fungua skrubu za kifuniko, kilaze mezani vibao vikiwa juu, na sukuma ulimi kwa kidole bila ufunguo. Utaona kipande cha chuma kinachotoka kwenye ulimi kikiegemea kibao kimoja kabla ya kingine. Inua kibao hicho kwa waya mpaka upenyo wake ulingane na kipande hicho, kisha cha pili, na ulimi utapita. Rudia hivyo mpaka uweze kufanya bila kutazama, ndipo urudishe kifuniko na uingize waya mbili: mmoja wa kusukuma ulimi, mwingine wa kuinua.